Amri za Afya Kivukoni: Mfanyakazi Apewe Njia ya Kuzitii

Liko jambo moja ambalo kila maradhi yanapoingia Mombasa hutugawanya sisi watu wa ng'ambo makundi mawili. Likoni watu hugombana kwenye feri, Kisauni hugombana sokoni na ndani ya matatu, Changamwe hugombana kwenye mageti ya viwanda na katika nyumba za kupanga. Kundi moja husema amri za afya ni mateso matupu yaliyotungwa kumsumbua maskini. Kundi la pili husema watu wetu ni wabishi, hawasikii mpaka waonyeshwe fimbo. Maneno huwa makali, majirani hununiana, na maradhi yakipita kila mtu hurudi kwenye shughuli zake. Jambo lenyewe hubaki pale pale, likingojea maradhi mengine.

Sisi twaona kwamba sasa, wakati ambapo hakuna kafyu wala msako wa barakoa, ndio wakati mwema wa kulisema. Watu hawawezi kushauriana vizuri huku moshi wa kutoa machozi uko machoni mwao. Maoni yetu ni haya: amri ya afya ni jambo la haki, na mfanyakazi yampasa kuitii. Lakini anayetoa amri naye yampasa kuweka nafasi, maji na saa za kumwezesha mtu kuitii, na gharama yake isitupwe yote juu ya mtu wa mshahara mdogo. Tutaeleza kwa nini twasema hivyo, na mwisho tutataja mambo tunayoyataka.

MARADHI NI YA KWELI

Twaanza na sisi wenyewe, maana haifai kumkosoa jirani kabla ya kufagia uwanja wako.

Korona ilipotangazwa katika Kenya tarehe 13 Machi 2020, wengi walisema ni ugonjwa wa wasafiri wa ndege na wa watu wenye pesa. Hata kama mwanzo uliletwa na wasafiri, haukukaa kwao. Maradhi ya kuambukiza hayaulizi mshahara wa mtu, lakini huenda mbio zaidi pale watu walipobanana. Na nani amebanana zaidi kuliko sisi? Mwenye gari lake huvuka peke yake amefunga vioo. Mwenye nyumba ya bustani akiugua hujitenga katika chumba chake. Mtu wa Likoni husimama kwenye banda la feri, bega kwa bega na watu asiowajua. Mtu wa Changamwe hukaa katika nyumba ya vyumba sita, kila chumba na jamaa yake, choo kimoja na ua mmoja. Mmoja akikohoa, ukumbi mzima umekohoa.

Kwa hiyo yule ndugu anayejivuna kwamba yeye hakuvaa barakoa hata siku moja, au anayetupa taka mtaroni kwa kuwa kanjo hayuko, asidhani amewaonyesha wakubwa ujeuri. Wakubwa hawako pale. Aliyemwonyesha ujeuri ni mama mzee aliyekaa naye kiti kimoja katika matatu, na mtoto wa jirani achezaye mtaroni. Chama cha wafanyakazi hakiwezi kumtetea mtu huyo. Sisi twafuata umoja, na umoja huanza na kumwepusha mwenzako na madhara.

Baada ya kusema hayo, sasa twaweza kuwageukia wanaotoa amri.

MILANGO MITATU YA KISIWA

Mombasa ni kisiwa chenye milango mitatu. Watu wa Changamwe na Mikindani hupita Makupa. Watu wa Kisauni hupita Daraja la Nyali, ambalo lilifunguliwa mwaka 1980 badala ya lile daraja la kuelea la mwaka 1931. Watu wa Likoni na Mtongwe, na wale watokao Kwale, hupita kivukoni. Kazi nyingi ziko upande mmoja na nyumba za bei nafuu ziko upande wa pili, kwa hiyo asubuhi milango hii hujaa watu wakiingia na jioni hujaa watu wakitoka.

Feri ya Likoni ndiyo mlango mwembamba kuliko yote. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni zaidi ya watu 300,000 kwa siku, pamoja na maelfu ya magari. Mwenye kwenda kwa miguu havuki kwa nauli, na hilo ni jema sana, twaomba lisiguswe kamwe. Lakini kivukoni si mahali mtu anapokwenda kwa kupenda. Sokoni waweza kwenda kesho, na msikitini au kanisani waweza kuomba ukiwa nyumbani. Feri hauna hiari nayo: usipovuka huna kazi, na usiporudi huna pa kulala.

Hatari ya kubanana pale twaijua tangu zamani, tena hatukufundishwa na korona. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama na watu zaidi ya 270 wakafa, wengi wao wakiwa watu waliokuwa wakienda kazini asubuhi. Tangu siku hiyo hapana mtu wa Likoni anayehitaji kuambiwa kwamba msongamano huua. Anachohitaji ni chombo kingine, na nafasi ya kusimama akingoja chombo hicho.

SIKU YA TAREHE 27 MACHI 2020

Tuitazame sasa ile siku ambayo watu wa ng'ambo hawataisahau. Serikali ilitangaza kwamba kuanzia Ijumaa tarehe 27 Machi 2020 watu wasionekane nje kuanzia saa moja ya usiku mpaka saa kumi na moja ya alfajiri. Shabaha ya amri ilikuwa watu wasikusanyike. Hiyo ni shabaha njema, na hatuna neno juu yake.

Lakini fikirini jinsi amri ile ilivyokutana na saa ya tajiri. Viwanda, maduka na maofisi mengi hufunga saa kumi na moja jioni. Watu ambao siku nyingine huondoka kisiwani kidogo kidogo mpaka usiku walilazimika siku ile kuondoka wote kwa mkupuo mmoja, wafike kivukoni, wangoje feri, wavuke, kisha watafute matatu upande wa pili, yote kabla ya saa moja. Feri hazikuwa na nafasi ya kuwachukua wote kwa saa chache. Basi amri iliyotungwa ili watu wasikusanyike ndiyo iliyowakusanya, tena kuliko siku ya kawaida.

Kisha wakaja polisi. Saa moja ilikuwa haijafika bado, na watu walipigwa marungu na kurushiwa moshi wa kutoa machozi pale kivukoni. Watu walilazwa chini, wakakimbia wakikanyagana, wakakohoa na kufuta macho kwa mikono ambayo asubuhi waliambiwa wasiipeleke usoni. Picha zake zilionekana dunia nzima. Tarehe 1 Aprili Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi kwa wananchi kwa makosa ya kupita kiasi yaliyofanyika. Tarehe 16 Aprili Mahakama Kuu, katika kesi iliyoletwa na Chama cha Mawakili cha Kenya, ilisema kwamba kafyu yenyewe ni halali, lakini nguvu za kupita kiasi zilizotumiwa kuitekeleza ni kinyume cha Katiba.

Wanachama waikumbuke hukumu hiyo, kwa kuwa inajibu makundi yote mawili tuliyoyataja mwanzo. Aliyesema amri yenyewe ni uonevu, hukumu haikumpa haki. Aliyesema watu wa ng'ambo hawasikii ila kwa fimbo, hukumu haikumpa haki pia. Amri ilikuwa halali na fimbo haikuwa halali. Sisi tulitaka mtu mmoja tu, kabla ya siku ile, akae na kalamu ahesabu: watu kadha wa kadha, feri kadha wa kadha, saa mbili. Hesabu hiyo ingewezwa na makarani wa feri, tena kwa muda mfupi. Ilikosekana kwa sababu waliokuwa mezani siku ya kutunga amri hawakuwa watu wa kuvuka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

NANI ALILIPA?

Jambo la pili ni gharama. Mwaka ule matatu ziliamriwa zisipakie kupita asilimia 60 ya viti vyake. Gari la abiria 14 likawa la abiria 8. Kwa upande wa afya amri hiyo ina maana, maana gari lile ni dogo na hewa ni ile ile. Lakini mafuta hayakupungua bei kwa asilimia 40, wala mwenye gari hakupunguza hesabu anayoitaka kila jioni. Kwa hiyo nauli ilipanda. Makanga aligombana na abiria na abiria wakagombana wao kwa wao, ilhali yeyote kati yao hakuwa mwenye kosa. Viti sita vilivyoachwa wazi vililipwa na wale wanane waliokaa, na mishahara yao haikuongezwa hata senti. Wengine walipunguziwa siku za kazi, wengine walifukuzwa kabisa, hasa wale wa mahoteli ya pwani, maana tangu tarehe 8 Aprili mpaka mwanzo wa Julai mwaka ule kuingia na kutoka Mombasa kulikatazwa.

Jambo la tatu ni karantini. Hapo mwanzo watu waliotengwa walitozwa pesa za malazi na chakula. Kisha ikatangazwa kwamba watakaovunja kafyu nao watapelekwa karantini siku 14. Ndugu wanachama, mahali pa kumponya mtu pakifanywa jela, ni nani atakayekwenda kwa hiari? Kibarua wa bandarini anayelipwa kwa siku alijua wazi kwamba akipimwa na kukutwa na maradhi, siku 14 nyumba yake haitakuwa na unga. Basi wengi waliogopa kupimwa. Watu wakaitwa wajinga, kumbe walikuwa wamepiga hesabu sawasawa. Amri ya kupimwa bila malipo ya siku za kutengwa humfanya mtu mwaminifu afiche homa yake, na homa iliyofichwa huvuka kwa feri kila asubuhi.

MAJI NA NZI NA MBU

Msidhani twazungumza korona tu. Mambo haya yako kila mwaka katika mitaa yetu, ingawa hayatangazwi kwenye redio.

Chukueni chikungunya, ugonjwa wa homa na maungo kuuma mpaka mtu atembee ameinama. Jina lake latokana na lugha ya Kimakonde, kwa kuwa ulitambuliwa kwanza kusini mwa Tanganyika mwaka 1952. Mwaka 2004 uliingia Lamu na Mombasa, na mwishoni mwa 2017 mpaka mwanzo wa 2018 ukarudi tena Mombasa. Mbu anayeuleta huuma mchana, na hapendi maji machafu ya mtaroni. Hutaga katika maji masafi yaliyowekwa: mapipa, mitungi, madumu yaliyokatwa, matairi. Bwana Afya akija uani husema, "Msiweke maji wazi." Amesema kweli. Lakini kwa nini watu wa Kisauni na Changamwe wanaweka maji? Wanaweka kwa sababu bomba hukauka siku nyingi, na maji hununuliwa kwa mtungi kutoka kwa wenye mikokoteni. Anayenunua maji hawezi kuyamwaga. Mombasa huletewa maji kutoka mbali, Mzima, Marere na Baricho, na huu ni mwaka wa ngapi twaambiwa hayatoshi! Mfuniko wa pipa twaweza kununua sisi. Bomba lenye maji hatuwezi kulinunua.

Tazameni pia wanawake wanaouza chakula kwenye mageti ya viwanda na karibu na kivuko: mahamri na mbaazi, chai, wali na maharagwe, samaki wa kukaanga. Kila kipindupindu kinapotajwa, wao ndio wa kwanza kufukuzwa na vyombo vyao kuchukuliwa. Hapo nako twagawanyika. Mmoja husema, "Wafukuzwe, wanatuua." Mwingine husema, "Waacheni, wanatafuta riziki." Sisi twauliza swali lingine. Kibarua anayefanya kazi tangu alfajiri na kulipwa jioni atakula wapi, ikiwa kiwanda hakina chumba cha kulia wala chakula cha bei yake? Mama huyu ndiye kantini yetu. Kiwanda hupata faida kwake bila kumlipa chochote, maana wafanyakazi hushiba na kurudi kazini kwa wakati. Akiambiwa awe na cheti cha afya, sawa, awe nacho, maana ni sheria, na sisi tunaokula ndio tunaolindwa nayo. Akiambiwa aoshe sahani kwa maji yanayotiririka, sawa pia. Lakini bomba liko ndani ya ukuta wa kiwanda, na yeye yuko nje ya ukuta. Bomba moja likitolewa nje ya ukuta lingezuia maradhi mengi kuliko misako kumi ya askari wa kaunti, maana siku ya pili ya msako mama hurudi pale pale, na safari hii na ndoo moja badala ya mbili, kwa kuwa ya pili imechukuliwa.

WAO HUSEMA MARADHI HAYANGOJI MASHAURI

Tukisema hivi hujibiwa kwamba maradhi hayangoji, kwamba daktari hawezi kuitisha mkutano wa abiria kila anapotaka kuzuia tauni. Jibu hilo lina nguvu, na hatutaki kulipita kwa mzaha. Ni kweli siku ya moto watu hawapigi kura juu ya ndoo. Lakini ndoo huwekwa kabla ya moto. Mashauri twayataka sasa, wakati hakuna maradhi, ili siku yakiingia kila mtu ajue foleni inaanzia wapi, feri ngapi zitafanya kazi, nani atatoka kazini saa tisa na nani saa kumi na mbili, na maji yako wapi.

Tena inawezekana. Wakati wa korona ilisemwa kwamba watu wa miguu wa Likoni hawana njia ila feri, kama ilivyosemwa miaka yote. Mara likajengwa daraja la kuelea la Liwatoni, na mwanzo wa mwaka 2021 watu wakaanza kulipita kwa miguu, na sababu mojawapo iliyotajwa ilikuwa ni kupunguza msongamano kivukoni. Hatusemi daraja lile lilimaliza taabu. Twasema lilionyesha kwamba nafasi iliyoambiwa haiko kwa miaka mingi, ilipatikana kwa miezi michache wakubwa walipotaka.

Wako pia wazee wanaokumbuka, au waliohadithiwa na baba zao, kwa nini watu wa Afrika Mashariki huziogopa amri za afya. Mwaka 1902 tauni ilipoingia Nairobi, mabwana wa wakati ule waliuchoma moto mtaa wa maduka wa Wahindi. Sheria ya Afya ya Umma tuliyo nayo, Sura ya 242, mizizi yake ni ya mwaka 1921, wakati ambapo mtu wa kazi hakuwa na sauti katika kutunga sheria yoyote. Tangu zamani afya ilitufikia ikiwa imevaa kofia ya askari. Si ajabu basi kwamba mpaka leo Bwana Afya akiingia mtaani watoto hukimbia, hata akiwa amekuja na chanjo.

Lakini wazee wetu hawakukimbia tu. Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 wa Mombasa waliacha kazi, wakakutana katika Kiwanja cha Maskini, na miongoni mwa malalamiko yao, pamoja na mshahara, yalikuwamo makao. Walijua ukweli ambao madaktari nao waujua: mtu anayelala chumba kimoja na wenzake saba hawezi kuambiwa ajitenge. Madai yale ya mwaka 1947 bado yana kazi ya kufanya katika Owino Uhuru, Chaani, Mtongwe na Mishomoroni.

SHERIA IKO UPANDE WETU

Leo hatuombi fadhila. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yasema kila mtu ana haki ya afya, ya makao yanayofaa na usafi, na ya maji safi na salama ya kutosha. Kazi nyingi za afya ziko mikononi mwa serikali za kaunti tangu mwaka 2013, yaani mlango wa kubisha hauko Nairobi tu, uko hapa hapa Mombasa. Na sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 yataka mahali popote penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya, ambamo wafanyakazi wana wajumbe wao. Sheria hiyo hiyo yamtaka tajiri aweke maji ya kunywa, mahali pa kunawa na vyoo.

Sasa kila mwanachama ajiulize: kazini kwetu kamati hiyo iko? Wajumbe wetu ni nani? Walikutana lini mara ya mwisho? Katika mahali pengi kamati iko kwenye karatasi tu, na jina la mjumbe ni la mtu aliyeacha kazi zamani. Hapo hatuwezi kumlaumu tajiri peke yake. Kiti chetu kikiwa kitupu, atakikalia mwingine.

TUNAYOYATAKA

Kwa hiyo chama chetu chaona haya yafuatayo yafaa kudaiwa bila kungoja maradhi mengine:

1. Kivukoni iwekwe kamati ya kudumu ya afya na usalama, ndani yake wakae wasimamizi wa feri, idara ya afya ya kaunti, polisi, wafanyakazi wa feri wenyewe, vyama vya wafanyakazi, na wajumbe wa abiria wa Likoni. Kamati hiyo ndiyo itengeneze mpango wa siku za maradhi, na mpango huo ubandikwe mahali pa wazi kwa Kiswahili.

2. Siku ambazo kuvuka kumepunguzwa kwa amri, waajiri wabadili saa za kazi kwa zamu, na mfanyakazi aliyechelewa kwa sababu ya amri asikatwe mshahara wala kuandikiwa barua.

3. Viti vya magari vikipunguzwa, tofauti ya nauli isibebwe na abiria peke yake. Serikali na waajiri watafute njia ya kuichukua.

4. Mtu anayetengwa kwa ajili ya maradhi ya kuambukiza alishwe bure na alipwe siku zake, awe wa mwezi au kibarua. Na karantini isitumiwe tena kuwa adhabu.

5. Maji na vyoo viwekwe kwanza kivukoni, masokoni, kwenye stendi za matatu na nje ya mageti ya viwanda, ndipo mtu atozwe faini. Hapo mwanzo wa korona asiyevaa barakoa aliwekewa faini mpaka shilingi 20,000 au kifungo cha miezi 6. Kwa mtu wa mshahara mdogo faini hiyo ni mshahara wote wa mwezi na zaidi.

6. Kazi ya kuwapanga watu siku za maradhi ipewe watu wa afya na vijana wa mitaani watakaofundishwa na kulipwa. Polisi waje kwa ajili ya wezi na wenye ghasia.

WAJIBU WETU

Tukidai haya, nasi tuwe na uso wa kuyadai. Tawi litakalosimama mbele ya kaunti kudai mabomba lazima liwe tawi ambalo wanachama wake hufunika mapipa yao, hupeleka watoto kwenye chanjo, na hawaji kazini na kikohozi kwa kificho ikiwa malipo ya ugonjwa yapo. Katika nyumba za kupanga, wapangaji wapange zamu ya kuosha choo na uani bila kungoja mwenye nyumba, kisha kwa sauti moja wamdai mwenye nyumba choo cha pili. Kwenye feri, mtu akisema "Songeni kidogo, mzee apumue," asichekwe.

Na lile tusi la kuitana wajinga na wabishi tuliache. Abiria na makanga, mama wa mahamri na mla mahamri, karani wa feri na kibarua anayengoja feri, wote hao ni watu wa upande mmoja wa meza. Kila wanapogombana, yule wa upande wa pili huwa amepumzika.

Twaomba matawi yote ya Likoni, Kisauni na Changamwe yalete mambo haya katika mikutano yao ijayo, yaongeze yaliyosahauliwa, na kuleta majina ya wajumbe wa kamati za afya na usalama kazini ofisini kwa katibu. Tawi lisilo na wajumbe liwachague siku hiyo hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu tumeuona kwa macho yetu.

Umoja ni nguvu.